Maji Mdomoni

Enzi za Wabelgiji, hapa Kasongo, sisi wapiga pasi tulikuwa na siri moja: maji ya kunyunyizia nguo yalitoka mdomoni. Unajaza mashavu, unainamia shati la Bwana, unapuliza, pfuuu, kitambaa kinalowa sawasawa kuliko hata mvua. Halafu pasi ya makaa inapita. Wazungu walivaa mate yetu mpaka kanisani, wala hawakujua. Kwa hiyo kitu cha kwanza katika kazi ile hakikuwa mikono, kilikuwa masikio. Ukisikia viatu, umeze haraka.

Mwenzangu mmoja hakumeza. Bwana wake alimwita kutoka mlangoni, naye kwa adabu yake ya kijinga akageuka akaitika, "Ndiyo, Bwana!" mdomo umejaa. Bwana akaoga na nguo zake zote. Jioni ile mwenzangu alikuwa kwao anapalilia muhogo.

Basi siku moja dada yangu akafika kutoka Wamaza na mwanawe, kijana wa mabega mapana, kiziwi tangu utoto. Hasikii, hasemi.

"Kaka," akaniambia kabla hajakaa, "fundisha huyu mutoto kazi ya pasi."

"Kiziwi? Dada, uko na homa?"

Akaanza kulia. Mimi sipendi watu walie nyumbani kwangu, maana wakilia nakubali mambo ya ovyo. Akasema kapita, msimamizi wa kazi ya barabara ya Kabambare, anakusanya kwa nguvu vijana wote wasio na kazi kwa mzungu. Mwaka uliopita walimchukua huyu huyu mwanawe. Kapita akiita na usipoitika, ni fimbo, na huyu hakuitika hata siku moja. Akamgeuza, akaniinulia shati nione mgongo.

Hasira niliyoipata pale ninayo hadi leo.

Tukaanza kazi. Pasi aliishika upesi, hakuunguza kitu ila kanzu yangu ya Idi, na hilo nilimsamehe baada ya muda mrefu. Shida ilikuwa viatu. Nikamweka atazame mlango, nikamwonyesha kwa vidole: mtu akitokea tu, meza maji. Dada yangu akajifanya madamu. Alivaa viatu vyangu, akaweka sufuria kichwani badala ya kofia, akawa anachungulia mlangoni amekunja uso. Wee, dada yule alikolea! Kesho yake alianza kuniagiza mimi chai. Na mpwa wangu alikuwa akimeza kila sufuria ilipotokea, hata kufika adhuhuri tumbo limejaa ndii, anakimbilia nyuma ya nyumba kila mara.

Jirani na nyumba niliyofanyia kazi palikuwa na madamu aliyetafuta mpiga pasi. Nikamweleza ukweli: kijana hasikii, lakini kazi anaijua. Akasema nimlete amjaribu asubuhi moja.

Asubuhi hiyo nilisimama nje ya dirisha, najifanya nachochea makaa. Mpwa wangu akajaza mashavu, macho mlangoni kama nilivyomfundisha. Na madamu, kwa kuwa Mungu naye hupenda mzaha, akaingia kwa mlango mwingine, ule wa chumba cha kulia, nyuma yake. Nikapiga kelele. Nampigia kelele kiziwi! Akili ilikuwa imeniruka. Madamu akamgusa bega.

Akageuka, na badala ya kumeza akasimama wima, macho yamemtoka, mashavu yamevimba kama chura. Nikasema moyoni, kwisha, ni barabara tena, na dada atanililia mpaka kiyama. Mwenye masikio angekwisha kuitika, "Ndiyo, Madamu," akamwogesha.

Madamu akamtazama kwa makini sana. Halafu, haki ya Mungu, naye akavimbisha mashavu. Akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa. Kumbe alidhani ndiyo salamu ya viziwi wa kwetu! Mpwa wangu alishangaa hata akameza bila kutaka, akacheka. Madamu akafurahi kwamba salamu yake imepokelewa.

"Iko muzuri," akaniambia. "Abaki."

Tangu siku hiyo waliamkiana kwa mashavu kila asubuhi, na madamu akamfundisha mume wake. Nimemwona Bwana mzima, na kofia yake kichwani, anamvimbishia mpwa wangu mashavu kabla ya chai. Kasongo nzima mpwa wangu peke yake ndiye aliyepiga pasi milango wazi, maji mdomoni, bila kuogopa viatu.

Kiangazi kilipofika, kapita akaja mtaani kuchukua watu. Akamkuta mpwa wangu uani kwa madamu anaanika mashuka, amempa mgongo. Akaita. Akaita tena. Akainua fimbo. Mimi nilikuwa ng'ambo ya ua, nampungia mikono, naye hanioni.

Madamu na Bwana wakatokea barazani. Mpwa wangu akawaona, akavimbisha mashavu. Madamu akavimbisha yake, na Bwana yake. Kapita akawatazama mmoja mmoja, na fimbo ikashuka polepole mpaka chini. Hakujua ile ni amri gani, ila aliona imetoka barazani. Akavua kofia, akazunguka mashuka mpaka mbele ya mpwa wangu, akavimbisha mashavu, akabaki amesimama vile vile, jasho linamtoka, mpaka mpwa wangu alipomwitikia.