Pembe ya Wakwe

Pembe ilikuwa mbele yangu, imejaa muratina, ile pombe ya asali, na aliyeishika ni binti yangu mwenyewe. Nyumba yangu hapa Kabiria ni ndogo, na siku hiyo ilijaa watu mpaka wengine wakakalia ndoo zilizogeuzwa. Wakwe ni Wakikuyu wa hapa hapa Dagoretti, watu waliokuwa na mashamba kabla mji haujawafikia. Kwao ni hivi: msichana anaonja pombe ya wazee, halafu anampa baba yake. Baba akinywa, amekubali, mtoto ni wao. Asipokunywa, amewakataa, wachukue zawadi zao waende.

Na mimi nikinywa, nimekwisha. Mimi si mtu wa kuonja. Mara ya mwisho nilionja kidogo kwa matanga ya jirani, nikazinduka kule Muthangari kando ya ua wa watu nisiowajua, mguu mmoja hauna kiatu, na sanduku langu la spana limeenda.

Ngoja niseme habari ya hizo spana, maana zilinilisha. Mimi ni fundi wa mabomba. Shule niliiacha ningali mdogo, lakini vyoo vya maghorofa mengi kule mjini nimevizibua mimi. Wakubwa wanaokaa huko juu hawanijui, ila mimi nawajua kwa njia ambayo si ya kuandikwa kwa kitabu. Kazi yenyewe ilikuwa nzuri. Tabu ilikuwa kelele. Msimamizi akinipigia ukelele, mdomo wangu ulikuwa unajaa mate, mate matamu kama mtu ameniwekea sukari juu ya ulimi. Mwenye nyumba akigonga mlango kwa nguvu, ni yale yale mate. Na yakija, miguu ilinipeleka yenyewe kwa mama muuza chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji. Nilidhani kila mtu yuko hivyo.

Mke wangu aliniondokea kwa ajili hiyo. Simlaumu. Binti yetu akabaki nami, akanilea, ndiyo, nasema alinilea, na ni yeye aliyenipeleka kwa zahanati moja karibu na Dagoretti Corner kuongea na msichana wa ushauri. Yule msichana alikuwa mdogo sana, nikaona aibu kumweleza mambo yangu. Akaniuliza, "Mzee, mara ya kwanza kabisa ulionja lini?"

Nikamwambia nilipokuja Nairobi kijana, niliposhika mshahara wangu wa kwanza.

"Na kabla ya hapo?"

Nikafungua mdomo niseme hapana, na mdomo ukajaa sukari.

Kwetu ni magharibi, sisi ni Waluhya. Baba yangu alikuwa mtu mzuri asubuhi. Jioni alitoka kilabuni akimtafuta mama. Sisi watoto tukilia, hasira yake iliongezeka, alimpiga mama zaidi. Kwa hiyo mama, akisikia mbwa wa jirani wanabweka, alijua anakuja, alichukua kijiko, akamimina chang'aa, akatia sukari, akatunywesha mmoja mmoja. "Meza, ulale." Nililala. Asubuhi niliamka, mama anapika uji jicho moja limevimba, na mimi sikusikia chochote. Sikuwa hata nimeota meno yote. Mama alifanya alichoweza. Mpaka leo sijapata neno baya la kumwambia. Lakini mwili wangu ulijifunza hapo, na haujasahau: ukiogopa, kuna kitu kitamu kinakuja, halafu unalala.

Sasa turudi kwa posa. Siku chache kabla, dada yangu mkubwa alikuja kutoka Kawangware. Yeye ndiye senge wa binti yangu, shangazi wa upande wa baba, na kwetu hakuna posa inayopita bila senge. Nilimweleza hofu yangu.

"Tone tu, ndugu yangu," akasema. "Lowesha mdomo, geuka, tema. Nani atakuona?"

"Siwezi kutema. Ikishaingia imeingia."

"Mbona mimi niliweza?"

"Uliweza nini?"

Akaanza kukunja leso yake. "Kijiko cha mama. Nilikuwa naweka kwa shavu, akigeuka natema kwa blanketi. Wewe ulimeza."

Sisi ni wazee, na hilo ndilo jambo la kwanza kuniambia juu ya siku zile. Nikamuuliza kwa hasira, kwa nini hakuniambia nami niteme.

"Nikuambie ili iweje? Usikie yale niliyosikia?"

Dada yangu hagusi pombe. Lakini analala na taa imewaka, kiti kimeegemezwa mlangoni, na marehemu mumewe alizoea hivyo.

Basi nikamtuma mshenga wetu, nikamwambia, waambie wakwe mimi sinywi, tutafute njia nyingine. Mshenga ni mtu wa kanisa, akasikia vile anavyotaka kusikia. Akaenda kuwaambia, "Baba ameokoka." Akarudi akaniambia mambo ni sawa, na mimi nikalala usingizi mzuri.

Kumbe wao pia wameokoka. Siku yenyewe, binti yangu akiwa amepiga magoti na ile pembe, nikasema, "Samahani wakwe, mliambiwa mimi sinywi." Mzee wao, mrefu, koti zito na kofia, akacheka.

"Tulisikia umeokoka. Hata mimi ni mzee wa kanisa! Hii si ulevi, hii ni mila. Bwana anaelewa. Onja tu, tuendelee, nyama inapoa."

"Hata kuonja siwezi."

"Ati hawezi," mama mmoja wao akasema kwa sauti ya kusikika. "Kwani muratina yetu ni chafu?"

"Mama, si hivyo."

"Ni vipi, sasa?" Yule mzee alisimama. Sauti yake ikapanda. "Tumetoka kwetu na watu wetu, tumekaa, tumeongea vizuri. Mnatukubali ama mnatukataa? Sema!"

Hapo ndipo mate yalipokuja. Matamu, yamejaa mpaka chini ya ulimi. Harufu ya asali ya muratina ikanipanda puani. Niliona mkono wangu unaenda kwa pembe, naapa sikuutuma. Nikawaza, ni binti yangu, atavunjikiwa na ndoa kwa sababu ya funda moja tu. Nikawaza pia, na hili nasema kweli, afadhali wamenilazimisha.

Vidole vyangu vilipoigusa pembe, binti yangu akaivuta nyuma. Muratina ikamwagika juu ya gauni lake.

"Baba akinywa hii," akasema, "mimi siolewi."

"Ngai!" akina mama wao wakashtuka. Mila inasema baba akinywa, ameozesha. Huyu ameigeuza juu chini mbele ya wazee. Bwana arusi akainamisha kichwa. Mzee wao akamwangalia binti, akaniangalia mimi.

"Kwa nini?"

"Mwambie, Baba," binti akasema. "Ama nimwambie mimi?"

Sikuwa nimepanga kusema. Nilisema nikiangalia viatu vyangu. "Mama yangu alitunywesha chang'aa tukiwa watoto wadogo, tulale, tusisikie baba akimpiga. Tangu siku hizo, nikiogopa nakunywa, na nikianza sijui kuacha. Na sasa hivi, mkwe, naogopa."

Yule mama aliyeuliza kama pombe yao ni chafu alijifunika mdomo na kitambaa. Mzee akakaa polepole, akavua kofia, akaiweka juu ya goti.

"Mshenga wenu," akasema mwishowe, "ni mtu wa bure kabisa." Kisha akauliza, "Uji uko?"

Dada yangu alikuwa ameshasimama. Aliipeleka ile pembe jikoni, akaimwagia maji ya moto, akanusa. Akaiosha tena, akanusa tena, akampa yule mama wa wakwe naye anuse. Yule mama akasema, "Bado, rudia." Wakarudia, wote wawili wameinamia sufuria. Halafu wakatia uji wa wimbi. Binti akaonja, akanipa, nikanywa mpaka mwisho, na vigelegele vikapigwa.

Lakini jerikeni ya muratina waliyokuja nayo ilikuwa bado pale karibu na mlango. Macho yangu yalijua iko wapi hata nikiangalia kwingine.

"Wakwe," nikasema, "nawashukuru. Sasa toeni hiyo."

"Kwani hata sisi hatutakunywa?" mzee akauliza, nusu mzaha.

"Mtanywa kwenu."

Akacheka, akawapa vijana wake ishara. Waliibeba wawili, inalia pwata pwata ndani, wakapita nayo hadi kwa gari. Dada yangu aliwafuata mpaka mlangoni, akasimama pale, mgongo kwangu, mikono ameshika miimo yote miwili. Aliposikia buti ya gari imefungwa akageuka, akaniuliza kama sasa nitaweza kula.

Nikamwambia nitajaribu.