Kiatu cha Kushoto Getini

Kazi ya ulinzi imenikutanisha na mengi getini. Paka, chupa, walevi waliokosa njia. Lakini asubuhi ile, jamani, nilikuta kiatu changu.

Kimoja tu. Cha kushoto.

Kiatu hicho kilinichomoka mguuni kikabaki mlangoni kwa mume wangu siku niliyomtoroka, mji mwingine kabisa, nikakimbilia kwa shangazi mguu mmoja peku.

Baadaye tuliachana mahakamani. Yule bwana akaapa kwamba akinipata, sitasimulia. Mahakama ikampa amri asinisogelee. Sawa, lakini amri ni karatasi. Haina mikono.

Sasa alijuaje lindo langu?

Mtu wangu wa karibu aliyejua kwamba nalinda geti la nyuma la ghala la dawa alikuwa mmoja tu. Shangazi.

Nikaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Simu yake ikiita, anatoka nje. Nikitokea, anakata.

"Nani huyo, shangazi?"

"Watu wa kikundi."

Kikundi gani hicho cha kuongea nacho mpaka mboga inaungulia jikoni? Moyoni nikasema, kikulacho ki nguoni mwako. Hata chakula chake kikaanza kunikaba.

Jioni moja nikamnyatia hadi nyuma ya nyumba. Nikamsikia ananong'ona: "Ndiyo, huyo huyo mlinzi. Geti la nyuma. Lini sasa?"

Nikamnyang'anya simu.

"Umeniuza kwa bei gani, shangazi?"

Alinitazama mpaka macho yakamjaa maji. "Mimi? Niiuze damu ya kaka yangu? Hebu soma naongea na nani."

Kwenye kioo palikuwa pameandikwa: Polisi, Uhusiano.

Akanifungulia ukurasa wao wa mtandaoni. Nilikuwa mimi, meno yote nje, napokea leseni yangu ya ulinzi kituoni. Maana bila leseni ya polisi hakuna kampuni inayokupa lindo. Chini ya picha waliweka majina yangu matatu, ghala, geti, hadi zamu. Kisha: "Jeshi lenu linawajali akina dada."

Yote hayo niliwapa mwenyewe nilipoomba leseni. Nilidhani yanakwenda kufungiwa kabatini.

"Nimewapigia wiki nzima waitoe," shangazi akasema. "Sikutaka kukutia hofu, mwanangu."

Nilimpigia magoti palepale kwenye majivu. Aibu niliyoona sina hata pa kuiweka.

Kesho yake tukaenda naye kituoni. Afande wa uhusiano, ambaye wenzake wanamwita Afande Kamera, alitupokea kwa bashasha.

"Dada! Picha yako imependwa kuliko zote! Hadi mkuu ametupongeza."

"Afande, hata mtalaka wangu ameipenda. Ameniletea kiatu."

Akajikuna kichwa, akaitoa. Nikashusha pumzi.

Jioni akaweka tangazo la kuomba radhi: "Tumeondoa picha ya dada yetu mlinzi wa ghala la dawa, kwa kuwa anamkimbia mtalaka wake. Wananchi msiwe na wasiwasi, anaishi salama kwa shangazi yake."

Shangazi akalisoma mara mbili. "Hili ni jeshi au ni redio?"

Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka. Halafu wazo likaniingia.

Asubuhi nikaenda kwa sajini wa kike aliyeshika kesi yangu ya kile kiatu. Tukafunga mlango, nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia jambo moja: "Kamera asijue kitu. Akijua, ataurusha mpango mtandaoni kabla hatujavaa viatu."

Nilipotoka hapo nikapitia kwa Afande Kamera, nikamwinamia sikioni.

"Afande, iwe siri yako. Kuanzia Jumatatu nimehamishiwa uwanja wa mpira, geti la mashariki."

"Kwangu imezikwa, dada."

Haikufika hata mchana, ikafufuka. "HABARI NJEMA! Dada yetu sasa yuko mbali na hatari, atakuwa uwanja wa mpira, geti la mashariki." Na vidole gumba vitatu.

Jumatatu mtalaka wangu akaja.

Pale getini alisimama mlinzi amempa mgongo, amevaa sweta langu la kazi, amevaa kofia yangu. Yule bwana akamsogelea taratibu, mkononi ameshika gazeti lililokunjwa.

"Ulidhani utanikimbia mpaka wapi?"

Mlinzi akageuka. Alikuwa sajini.

Askari wawili wakachomoka nyuma ya geti. Mimi na shangazi tulikuwa kwenye chumba cha tiketi, tunachungulia tumeshikana mikono. Gazeti lilipoanguka, kikatoka kisu. Nilikitambua kwa mpini. Ndicho nilichokuwa nakatia vitunguu jikoni kwetu.

Shangazi akanikumbatia, tukalia kama watoto.

Sasa yuko ndani, kesi inaendelea.

Jioni ile Afande Kamera hakulaza damu. Akaweka picha ya ukamataji na maneno mazuri kabisa: "Tunamshukuru dada aliyefanikisha kazi hii. Jina lake tunalihifadhi kwa usalama wake."

Nikaikuza picha. Sajini ameshikilia mtuhumiwa, kifua mbele, na kwenye sweta, kwa uzi wa njano, yamedariziwa majina yangu. Yote matatu.

Ndugu zangu, ukipeleka taarifa zako popote, uliza nani mwingine atazisoma. Na kabla hujamshuku anayekupikia, kumbuka ni nani aliyekupiga picha.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Bahati yao, kata ya zamani haikuwa na ukurasa mtandaoni.