Sanduku la Ndege wa Mbelgiji

Cheka taratibu, msomaji, maana haya bado hazijaniisha. Mwaka huu wa 1991, kwenye karakana yangu ya useremala hapa Gikondo, aliingia Mbelgiji aliyekuwa akijiandaa kurudi kwao.

“Fundi, nataka sanduku ya ndege yangu,” alisema. “Iko nyepesi. Ilizaliwa nyumbani kwangu, kwa hiyo haina cheti kama zingine. Kule Ulaya, kila mpaka lazima niombe ruhusa.”

Nilimhurumia ndege huyo. Hata Mbelgiji alipotaja urefu wa mita tano sikushtuka. Nilidhani anataka ndege wake apate nafasi ya kunyoosha mabawa. Wiki nzima sikutulia. Je, akikwama mpakani akingojea ruhusa, si atakufa njaa? Nikatoboa matundu ya hewa, nikapigilia kijiti cha kutua, nikaweka na kopo la mtama.

Juzi lori likafika. Wapagazi wakateremsha bawa la kitambaa na vyuma vyepesi, kisha injini. Kumbe ‘kuzaliwa nyumbani’ ni kuundwa kwa mikono yake mwenyewe! Nilikimbilia kufunga mfuniko, lakini Mbelgiji alikuwa ameshachungulia ndani.

“Fundi,” aliuliza kwa upole, “hii mtama ni ya rubani?”