Nitafute kwa Mnara

Acha niwaambie vile mtu alizikwa Malava akiwa mzima, na bibi yake ndiye alisema azikwe.

Muhonja ni jirani yangu hapa mtaa wa Lucky Summer. Siku hiyo nilikuwa naye, kwa hivyo usiniambie nimetunga.

Bwana yake, Opicho, baba ya Lorine, alikuwa mgonjwa wa gemu za simu. Lakini si gemu yoyote tu. Zile za dunia nyingi nyingi, unaingia lango na nyuma kunafungwa, alikuwa anazidharau sana.

"Hizo ni za kufungia watu kwa vyumba," alikuwa akisema. "Mimi nipe ramani moja. Ukiona mlima kule mbali, tembea tu, utafika."

Alipopata kazi Saudia, alimfundisha Muhonja kucheza kwa simu. "Tukipotezana, nitafute kwa mnara," akamwambia, ule mrefu ulio katikati ya ramani ya gemu.

Mwanzoni walikuwa wanakutana huko kila Jumapili. Halafu Opicho akanyamaza. Simu haiingii. Ajenti aliyempeleka naye akahama ofisi.

Muhonja hakuacha. Akitoka kufulia watu nguo, anafungua gemu, anatembea hadi mnarani, anakaa hapo mpaka chaji iishe. Ilikuwa inaniuma kumuangalia.

Mwaka huu wazee wa ukoo wa Opicho wakachoka kungoja. Kwao Malava mtu akipotea na mwili usipatikane, wanazika shina la mgomba mahali pake. Siku ikapangwa. Muhonja akakataa katakata.

"Nipeni muda kidogo," akawaomba. "Ramani ni moja. Atatokea."

Na kweli akatokea.

Ilikuwa Alhamisi, tunachambua mboga ya sukuma mlangoni kwangu. Muhonja akanishika mkono. Kwa kioo cha simu, yule mtu wa gemu ambaye Opicho alikuwa akimchezesha, na kofia yake nyekundu, amesimama mnarani. Muhonja akawasha maiki.

"Baba Lorine? Ni wewe?"

Ikajibu sauti ya mwanamke. "Opicho ameenda kazi. Mimi ni bibi yake, nachezea tu hii simu yake ya zamani. Nimwambie ni nani?"

Muhonja akajibu, "Ni rafiki. Huko Saudia kuna joto?"

Mwanamke akacheka. "Saudia gani, dada? Alirudi kitambo. Tuko hapa Mukuru kwa Njenga."

Kwa Njenga. Mahali unaweza kutoka hapa asubuhi kwa miguu na ufike kabla ya chakula cha mchana.

Nikamwambia twende, tena saa hiyo hiyo. Akatikisa kichwa.

"Twende kwa nani?"

Hata sukuma hatukuwa tumemaliza, mama mkwe wake, Asenath, akapiga. "Mwanangu, wazee wanauliza. Tuzike ama tungoje?"

"Zikeni, mama."

Jumamosi, huko Malava, alilia juu ya ule mgomba mpaka akashikwa. Watu wakasema hiyo ndiyo kulilia bwana.

Ndugu zangu, mtu anaweza kuwa kwa ramani moja na wewe na bado amekufungia lango. Usimalize miguu yako bure.