Spika ya Kushoto

Kwa nini spika inayonong'ona ikiwa kushoto ipone ikihamishwa kulia, na ile nzima ianze kuugua ikiwekwa kushoto? Nilikuwa darasa la sita, nyumbani kwetu mtaa wa Free Area, na swali hilo lilinishinda.

Enzi zetu kompyuta ilikuwa mgeni wa heshima. Ilikaa sebuleni, na mama aliifunika kila kipande kwa kitambaa alichofuma mwenyewe, spika zikiwemo. Baba alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani. Kila Jumamosi, chai ya maziwa ikifuka kando yake, alicheza CD ili ashike kila sauti, soprano hadi besi, kesho yake awafundishe waimbaji. Spika ya kushoto ilipofifia, jirani alisema ni vitambaa. Tukavitoa. Haikusaidia, na baba alianza kukosea mbele ya kwaya.

Nikaandamana naye kupeleka spika kwa fundi mjini. Fundi akazifungua, akapuliza vumbi, akabadilisha waya.

"Mzee, hizi ziko sawa."

"Sawa aje, na hii ya left inanong'ona?"

Fundi akazibadilisha nafasi. Baba akainamisha kichwa, akasikiliza. "Sasa ile ingine ndiyo imeharibika."

"Mzee, unataka spika ama unataka kesi?"

"Baba, mimi nazisikia zote," nikasema. Nyumbani mama alinikalisha chini: "Babako akisema haisikiki, haisikiki." Kwetu mtoto hakumkosoa mzazi mbele ya watu, na hata fundi hakuthubutu kumwambia mzee wa kanisa kwamba shida iko kwake. Akalaumu kompyuta. Tukabadilisha fundi, kisha spika zenyewe. Mwishowe baba akamwachia mwingine kwaya, na Jumamosi zetu zikanyamaza.

Watoto wa siku hizi huziba masikio yote mawili kwa vidude visivyo na waya, kila mmoja na wimbo wake, ukiwaita ni kama unaita ukuta. Sisi tulisikiliza pamoja, na hadi leo tunajisifu kwa hilo. Ilitusaidia nini?

Miaka mingi baadaye, baba alipoanza kupepesuka akitembea, daktari alituonyesha picha ya kichwa chake: uvimbe kwenye mshipa wa fahamu wa sikio la kushoto, wa aina inayokua polepole kwa miaka, na ambao dalili yake ya kwanza huwa sikio moja kufifia.