Kanga Saba Langoni mwa Stesheni

Kwa ambaye hajawahi kufika, stesheni ya zamani ya Dar es Salaam iko upande wa bandarini, mwendo mfupi wa miguu kutoka kwetu Mchafukoge. Wajerumani ndio walioianzisha reli yake, ikakata nchi nzima mpaka Kigoma. Siku hizi kuna stesheni mpya jirani, inang'aa, ina treni za umeme, na wageni wengi huipiga picha hiyo. Lakini ya zamani bado ina kazi. Anayetoka Tabora kwa treni ya kawaida, na gunia lake la mchele na dumu lake la asali, anaingia mjini kwa reli ile ile waliyoijia babu zake.

Nimepokea wageni wengi pale. Ninayemkumbuka zaidi ni bibi wa kijana aliyetaka kumwoa binti wa kaka yangu.

Kijana alilelewa na bibi huyo, na alitueleza wazi kwamba bibi asiporidhika, harusi haipo. Bibi naye alituma neno kutoka Tabora: "Nitaona wanavyonipokea, ndipo nitasema." Binti yetu alipolisikia, chakula kikamshinda. Mimi ndiye shangazi, kwa hiyo mapokezi yalikuwa juu yangu.

Kwetu Pwani mgeni wa heshima tunamtandikia kanga chini, anapita juu yake kwa ngoma, nyimbo na vigelegele. Tulibeba saba. Akishavuka ya nyuma, unaiokota na kukimbia kuitandika mbele, hivyo njia haimwishii mpaka kwenye gari.

Kijana alikuwa Mtwara kikazi. Picha ya bibi hatukuwa nayo, maana hapendi kupigwa picha. Tuliambiwa ni mrefu na atavaa kanga nyekundu, tukatosheka. Jina lake tulilijua vizuri, lakini nani angethubutu kumwita bibi mkwe kwa jina mbele za watu?

Treni ilichelewa sana. Hatukujali, tukatumia muda huo kufanya mazoezi, mpaka mlinzi wa lango akawa anajua kiitikio. Hatimaye abiria wakaanza kutoka, na kati yao bibi mmoja mrefu, kanga nyekundu.

"Huyo!" dada yangu akapaza sauti.

Vigelegele vikapasuka. Bibi akasimama, akatazama kanga, akavua viatu.

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba wanangu, marahaba!" Akaingia njiani kwa madaha, mabega yakicheza. Nilifurahi mno, nikajua tumeshinda.

Tulipofika kwenye gari nikamfungulia mlango. "Karibu, bibi. Bibi harusi anakusubiri nyumbani."

Akaniangalia. "Harusi gani? Mimi nimekuja kutibiwa macho. Nilidhani mwanangu ndiye kawatuma. Nikasema, ama kweli leo kapata akili!"



"Harusi ni ya kwangu mimi," ilisema sauti nyuma yetu. Tukageuka. Alikuwa bibi mwingine, mrefu kumzidi wa kwanza, kanga nyekundu, furushi kichwani. "Niko nyuma yenu tangu langoni, nawasaidia kuitikia."

Niliiona harusi ikipotea mbele ya macho yangu. "Tusamehe, bibi. Tuliona haya kukuita kwa jina."

"Wazaramo nyie! Kutandika nguo barabarani hamwoni haya, kuuliza mtu jina ndiyo mnaona haya?"

Hapo pumzi ikanirudia. Yeye ni Mnyamwezi, na sisi na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, walipokuwa wapagazi wakileta mizigo Pwani vichwani. Mtani aliyekasirika kweli hakutukani, hukaa kimya. Dada yangu akamjibu papo hapo: "Na wewe Mnyamwezi, umeona njia imetandikwa, ukachagua kufuata nyuma na mzigo kichwani! Mazoea mabaya!"

Bibi alicheka mpaka akalazimika kulitua furushi. Kisha akanyoosha mkono kuelekea stesheni. "Zirudisheni kanga mlangoni. Tunaanza upya. Na huyu mwenzangu naye arudie, nimekaa naye tangu Tabora, kanimalizia karanga zangu zote."

Tukaanza upya. Mabibi wawili wakapita wameshikana mikono, mlinzi akiongoza wimbo, abiria wakipiga makofi. Katikati ya shangwe akatokea mtu mzima anahema, kachelewa kumpokea mama yake. Alipomwona juu ya kanga akapigwa na butwaa. "Jamani, mama yangu anaolewa?"

Kwenye gari bibi yetu aliomba simu yangu, akampigia mjukuu wake Mtwara. Hakumsalimu hata.

"Hawa watu wamemchezea ngoma mtu wasiyemjua," alimwambia. "Oa, mjukuu wangu. Oa hata kesho."

Akanirudishia simu, akauliza kama njiani tutapita mahali penye chai.