Maji ya Mwanzi

Mume wangu alikuwa hanywi maji. Sitii chumvi. Nimeishi naye miaka ishirini na mmoja hapa Ipogolo, na kwa miaka kumi na tisa ya mwanzo sikumwona hata siku moja akishika kikombe cha maji akakimaliza. Maji kwake yalikuwa ya kuogea, na ya kunyunyizia nguo kabla ya kupiga pasi. Kiu yake ilikuwa na saa zake: saa nne soda ya chungwa, saa kumi soda nyeusi, na katikati chai ya vijiko vitano vya sukari. Nikipunguza kijiko kimoja ananiuliza kama dukani wamefunga.

Anaitwa Gerson Kalinga, lakini kwenye barabara yetu ni Fundi tu. Alijifunza kushona kwenye chuo cha kanisa akiwa kijana, akalima nyanya misimu miwili, akanunua cherehani ya mguu. Ni ileile mpaka leo, ipo barazani kwetu, magari ya Zambia yanapita mbele yake mchana kutwa. Ameshona sare za shule tatu na majoho ya kwaya zote mbili za usharika wetu. Watu walipomshauri anunue mashine ya umeme alikuwa anacheka: "Umeme unakatika kila wiki. Mguu wangu haukatiki." Sipendi kuyakumbuka maneno hayo, lakini aliyasema, tena mara nyingi.

Mwaka juzi mwezi wa sita alianza kukonda. Suruali alizojishonea mwenyewe zikawa zinamvuka. Anakwenda msalani mara sita kwa usiku mmoja. Majirani wakaanza kunong'ona yale wanayonong'ona watu wakimwona mtu anakonda, na mimi niliyeapa kuwa sisikilizi umbea nikawa wa kwanza kuogopa. Nikamburuta zahanati. Wakamtoboa kidole, mashine ikasoma kumi na tisa na pointi.

Nesi alikuwa mama wa makamo, hana maneno ya kupaka mafuta. "Mzee Kalinga, tusidanganyane. Sukari hii ikiendelea, kinachoondoka kwanza ni miguu. Na wewe nasikia ni fundi wa cherehani ya mguu."

Gerson akaangalia viatu vyake. Tangu hapo nyumba nzima tuliishi kwa ajili ya ile miguu miwili.

Nesi alitufundisha kwamba ulimi unafundishika. Alisema usimnyang'anye mtu vyote siku moja, atarudia usiku wa pili. Basi tukaanza na vijiko: wiki ya kwanza vinne, ya pili vitatu, tukashuka hivyo mpaka sifuri. Soda tukaikata ya saa kumi kwanza. Niliweka chupa ya maji juu ya meza ya cherehani, nikachora mistari ya kalamu ubavuni, kila mstari na saa yake. Sembe tukaacha, tukarudi kwenye dona. Sahani nikaipindua: mnafu na maharage vikajaa, ugali ukakaa pembeni kama mgeni.

Alinichukia. Naweza kusema hivyo, kwa sababu alisema mwenyewe. Kichwa kilimuuma wiki mbili, mikono ikamtetemeka, akashona sketi ya shule yenye mifuko yote miwili upande mmoja. Mteja akija na soda ya heshima, kama kawaida ya watu wetu, yeye anaipokea kwa mikono miwili, anaiweka chini ya meza, anaitazama. Siku moja nilimkuta amefungua kizibo, ananusa. Aliponiona akakifunga kama mwizi. "Nanusa tu, mama Goodness. Kunusa nako wamekataza?" Nilicheka mpaka machozi, kisha nikalia kweli.

Lakini alishika. Mwezi wa kumi, siku ya joto la vumbi, alimaliza chupa mpaka chini, akajifuta mdomo. "Haya maji yana utamu," akasema. Nikadhani ananitania. "Kweli. Sikuwahi kuyasikia." Tulipokwenda zahanati mashine ikasoma saba. Nesi akapiga makofi, akawaita wenzake waje wamwone. Kanisani Jumapili ile nilitoa shukrani mbele ya watu wote. Nilijiona mwanamke hodari. Nilivimba kichwa, niseme ukweli.

Mvua zikaja, na mvua kwa Wahehe maana yake ni ulanzi. Mimi ni Mnyakyusa wa Mbeya, pombe ya mianzi nimeikuta huku ukweni. Wanakata ncha ya mwanzi mchanga, maji yanachuruzika kwenye kibuyu cha mwanzi wanachokiita mbeta. Yakikaa mpaka jioni yanachacha na yanalewesha. Yakiwa ya asubuhi ileile yanaitwa mtogwa, matamu, hayaleweshi mtu. Mtogwa wanakunywa wazee wa kanisa, wanakunywa watoto, anakunywa mama aliyejifungua juzi. Gerson pombe haigusi, ila mtogwa amekulia.

Mama mkwe alishuka kutoka Kilolo na dumu.

"Kamwene, mwanangu. Nimesikia mnamtesa mtoto wangu kwa maji ya bomba."

"Tunamtibu, mama."

"Basi mpe na hii. Hii siyo pombe, siyo soda. Hakuna mtu ametia sukari humu. Ni maji ya mwanzi, yametoka kwa Mungu yakiwa hivi."

Nikaonja. Nikafikiri: mtu huyu ameacha kila kitu anachokipenda, hajanung'unika mbele za watu, kwa nini asipate kitu kimoja? Nikamjazia kikombe. Yeye ndiye aliyesita.

"Mama Goodness, hii naruhusiwa kweli?"

"Nani atakukataza maji ya mwanzi?" nikamjibu.

Nilisema mimi. Siyo mama mkwe.

Kuanzia siku hiyo Aroni, mgema anayeteremka na baiskeli kila asubuhi, alisimama kwetu. Nusu lita Gerson akiamka, nusu lita akimaliza kazi ya mchana. Ilikuwa zawadi yake. Kila nilipompa nilijisikia mke mwema.

Mwezi wa pili niliona damu kwenye pedali ya cherehani. Ukingo wa chuma ulikuwa umelika ukawa mkali, umemchana chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, na yeye alikuwa amekanyaga kutwa nzima bila kusikia chochote. "Hata hakiumi," alisema, kama vile hiyo ni habari njema. Tulikiosha kidonda, tukakifunga. Wiki mbili baadaye kilikuwa kikubwa zaidi.

Zahanati mashine ikasoma kumi na sita. Nesi akaitikisa, akarudia. Kumi na sita.

"Soda umerudia, mzee?"

"Sijarudia."

"Sukari kwenye chai?"

"Hata kijiko."

"Pombe?"

"Sinywi pombe, sister. Mimi ni mzee wa kanisa."

Yote yalikuwa kweli. Nesi akanigeukia mimi, na macho yake yakaniambia kuwa mume wangu ni mwongo. Na mimi, badala ya kumtetea, nikaamini. Ndiyo, niliamini. Tulirudi nyumbani nikiwa nimefura. Nikapekua chini ya meza, ndani ya gunia la vitambaa, nyuma ya kabati, natafuta vizibo. Sikupata hata kimoja. Hapo ndipo nilipozidi kuja juu: nikaona amekuwa mjanja. Kesho yake, wateja wanne wamekaa barazani wanasubiri majoho, nilichukua chupa yake ya maji mezani, nikaifungua, nikainusa, nikaionja mbele yao.

Mashine ikanyamaza. Gerson alinitazama, siyo kwa hasira.

"Umeonja. Ni nini?"

"Maji," nikasema.

"Haya," akasema, akaendelea kushona.

Uso ulinishuka. Alipomaliza kazi ya mchana, kwa kumwomba radhi, nilimpelekea mtogwa lita nzima badala ya nusu.

Mwezi wa tatu vidole viwili vilikuwa vyeusi na chumba kinanuka. Tukapewa barua ya kwenda hospitali ya rufaa, Mbeya. Nilifikia kwa mdogo wangu Happy, anayeuza mchele Mwanjelwa. Alitupokea kwa "ndaga, dada", akamtazama shemeji yake mguu, akaingia ndani ghafla kutafuta kitu ambacho hakukileta. Kwenye mizigo yangu nilikuwa na kanga, sufuria, na dumu la lita tano la mtogwa kutoka kwa Aroni, nimeuchemsha usichache njiani. Nilifikiri wodini watampa uji mtupu.

Siku mbili walimchoma sindano za insulini na sukari haikukaa. Ikishuka asubuhi, mchana imepanda. Daktari alisema anataka ishuke ili aone kama anaweza kuokoa kisigino. Siku ya tatu, saa ya kuona wagonjwa, badala ya kikombe nilichokuwa namletea kila siku nilikuja na dumu zima, nikalifungua pale kitandani. Lilikuwa limevimba kwa joto. Kifuniko kikaruka, povu likamwagika mpaka sakafuni, harufu ikajaa wodi. Nesi wa zamu akaja mbio, jina lake Juliana, binti wa Njombe.

"Mama! Unamletea mgonjwa pombe?"

"Siyo pombe, sister. Ulikuwa mtogwa, umechacha kwa joto tu. Ni maji ya mwanzi."

Akasimama pale. Kwa binti wa Wabena, nao wagema ulanzi, mtogwa hauhitaji mkalimani. Akatazama dumu, akatazama faili kitandani, akanishika mkono uliomwagikiwa na povu. Vidole vyangu vilikuwa vimeanza kugandana.

"Unasikia vinavyonata?" akaniuliza taratibu. "Nyumbani mkiacha mbeta nje, sisimizi wanafuata nini?"

Nikavitazama vidole vyangu.

"Hii ni sukari, mama. Kuchacha kwenyewe kunatokana na sukari. Anakunywa kiasi gani?"

"Lita moja," nikasema. "Kwa siku. Tangu Krismasi."

Nesi Juliana akakaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo manesi hawafanyi. Nilitaka ardhi inimeze. Miezi mitano ya vijiko, ya kichwa kuuma, ya soda zilizonuswa na kufungwa tena, na mimi kwa mkono wangu nilikuwa nairudisha sukari yote, kikombe kwa kikombe, huku nampekua kama mwizi.

Gerson alikuwa amesikia kila neno. Akasema, "Hakujua, sister. Na mimi sikujua." Afadhali angenitukana.

Dumu likamwagwa. Sukari ikashuka siku ya pili yake, ikakaa. Lakini mguu ulikuwa umeshakwenda mbali. Alhamisi wakaukata chini ya goti.

Sasa ni mvua nyingine. Yupo barazani. Pedali tumeifunga mpira kwenye kingo, anakanyaga kwa mguu wa kushoto akiwa amekaa upande, joho moja linamchukua siku tatu. Shule mbili zimehamia kwa fundi mwenye mashine ya umeme, nasi hatuwalaumu. Chupa yenye mistari bado ipo mezani, na haihitaji mistari tena. Ulimi wake umejifunza. Ukimpa soda leo anakunja uso, anasema inamchoma koo.

Aroni naye anapita kila asubuhi na baiskeli yake. Alisimama siku ya kwanza ya msimu, akaangalia suruali iliyokunjwa na kubanwa kwa pini, akatusalimia kwa sauti ndogo, akaondoka. Hakujua hata yeye.

Nikimpelekea Gerson kikombe cha maji, hakipokei mara moja. Alianza kule wodini na hajaacha. Ananirudishia kwa upole, hana kinyongo, hilo nalijua.

"Onja kwanza, mama Goodness."

Naonja, wateja wakiwepo au wasiwepo.

"Ni nini?"

"Maji," namwambia.

Ndipo anapokunywa, mpaka chini.